Haba, Alama na Athari: Maelezo juu ya Utafiti wa Zebaki Itokayo katika Meno Yaliyozibwa

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi wataalamu wanavyochunguza vitu vinavyotumiwa kuzibia meno, na jinsi wanavyofuata mwendo wa chembe zitokazo katika vitu hivyo mpaka ndani ya tishu za mwili. Msomaji wa jarida la lugha aweza kuuliza: jambo hili latuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba utafiti huu wote umejengwa juu ya tofauti ya mambo matatu. La kwanza ni kitu kuwapo mwilini kwa kiasi kidogo mno. La pili ni kitu kutiwa alama makusudi ili mwendo wake ufuatwe. La tatu ni kitu kuleta mabadiliko au madhara. Katika Kiswahili mambo haya matatu huelekea kuangukia neno moja, nalo ni *athari*. Na msomaji wa kawaida akilisoma neno hilo, huelewa jambo la tatu tu.

Kosa hilo si dogo. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulikubaliwa Kumamoto, Japani, Oktoba 2013, ukaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Mwaka 2022 mataifa wanachama yaliongeza sharti kwamba zebaki isitumike katika meno ya watoto walio chini ya miaka 15, ya wajawazito na ya wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone pana lazima. Umoja wa Ulaya uliacha matumizi hayo kwa watu wote tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa penye haja maalumu ya tiba. Na Novemba 2025, huko Geneva, wanachama wa Mkataba walikubaliana kuikomesha amalgamu ya meno ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo katika miaka hii matangazo mengi yatawafikia wagonjwa, wauguzi na walimu kwa Kiswahili, na mfasiri ndiye atakayeamua kama mama mwenye meno yaliyozibwa ataelezwa jambo au atatishwa.

I. Kitu chenyewe

Kitu cha kuzibia meno kinachozungumzwa hapa huitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki; nusu iliyosalia ni unga wa fedha, bati na shaba, na pengine zinki kidogo. Zebaki peke yake ni madini yaliyo majimaji katika joto la kawaida. Ikichanganywa na unga huo hufanya kitu laini kama kinyunga, ambacho daktari hukishindilia katika tundu la jino, na baada ya muda mfupi hukauka kikawa kigumu kiasi cha kustahimili kutafuna kwa miaka mingi. Ni rahisi, hakihitaji jino liwe kavu kabisa, wala hakitaki ufundi mwingi. Sifa hizo ndizo zilizokifanya kidumu karibu karne mbili.

Walakini tangu mwanzo hakikukosa wapinzani. Kilipoingizwa New York mwaka 1833 na ndugu wawili walioitwa Crawcour, waganga wa meno wa Marekani waligawanyika. Chama chao cha kwanza, kilichoundwa mwaka 1840, kiliwataka wanachama waape kutokutumia amalgamu. Mgogoro ukakidhoofisha chama chenyewe, kikavunjika mwaka 1856. Mwishoni mwa karne hiyo G. V. Black wa Chicago alipima kwa makini vipimo vya mchanganyiko huo na kuuweka katika utaratibu, na mabishano yakanyamaza kwa muda.

Hapa mwanalugha ana neno la kusema. Katika orodha ya madini tuliyoitaja, majina karibu yote yana kazi mbili katika Kiswahili. Fedha ni madini, tena ni pesa. Bati ni madini, tena ni bamba la kuezekea nyumba, ijapokuwa bamba hilo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki. Shaba hubeba madini tupu pamoja na mchanganyiko wake. Risasi, ambayo tutaitaja baadaye, ni madini, tena ni kitu kitokacho katika bunduki. Zebaki haina kazi ya pili ya namna hiyo. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na katika safari yote hiyo limebaki jina la kitu kimoja tu. Kwa sababu hiyo msemaji hudhani kwamba, neno likiwa moja lisilo na utata, kitu nacho ni kimoja. Dhana hiyo ndiyo ya kuondolewa kwanza.

II. Zebaki si ya namna moja

Wataalamu hutenga namna tatu za zebaki, na kila moja ina njia yake ya kuingia mwilini, mahali pake pa kukaa na namna yake ya kudhuru.

Ya kwanza ni zebaki tupu, yaani madini yenyewe. Mtu akiimeza, karibu yote hutoka kwa njia ya haja kubwa bila kuingia katika damu. Lakini zebaki tupu hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, na mvuke huo ukivutwa kwa pumzi, kiasi cha asilimia 80 hupita mapafuni na kuingia katika damu. Kwa kuwa mvuke huo hauna chaji ya umeme, hupenya mpaka katika ubongo na katika kondo la nyuma la mjamzito. Ukiisha kuingia, mwili huugeuza kuwa na chaji, na hapo hunaswa: sehemu katika ubongo, na sehemu kubwa zaidi katika figo. Hii ndiyo zebaki ya jino lililozibwa. Mvuke wake huzidi mtu anapotafuna, anapokunywa kitu cha moto, au anaposaga meno usingizini. Hii ndiyo pia zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, wanaoichanganya na mchanga wenye dhahabu kisha kuuchoma mchanganyiko huo. Kitu wanachokichoma nacho ni amalgamu, ila ni amalgamu ya dhahabu. Na mvuke wanaouvuta hauwezi kulinganishwa kwa wingi na ule wa jino.

Ya pili ni chumvi za zebaki. Hizi hutokea zebaki inapoungana na elementi nyingine kama klorini. Zilitiwa katika mafuta ya kujichubua ngozi, na hupenya kwa ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za watu wazima waliougua figo, ambao wengi wao walikuwa wametumia mafuta hayo.

Ya tatu ni zebaki iliyoungana na kaboni, hasa methilizebaki. Hii haitoki katika jino bali katika samaki, hasa samaki wakubwa walao samaki wengine. Ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, ambako kiwanda kilimwaga taka zake katika ghuba na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Huingia katika damu karibu yote, na shabaha yake ni ubongo, hasa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Msomaji ataona mara moja hatari ya kusema tu "zebaki" bila kuongeza neno. Tangazo likisimulia habari za Minamata kisha likaonya juu ya meno, limeunganisha vitu viwili visivyo kimoja. Na tangazo likisema kwamba zebaki ya meno haikuonekana kudhuru, mchimbaji wa Geita aweza kulichukua neno hilo kuwa ruhusa. Makosa yote mawili hutoka katika chemchemi moja.

III. Njia mbili za kutafuta

Kujua kwamba kitu kimo mwilini kwa kiasi cha sehemu moja katika sehemu milioni au zaidi ya hapo kulihitaji vyombo ambavyo karne ya kumi na tisa haikuwa navyo. Mmoja wa waliofungua njia ni Alfred Stock, mkemia wa Kijerumani. Mwaka 1926 alitangaza kwamba maradhi yaliyomsumbua kwa miaka mingi yeye na wenzake, kama kuumwa kichwa na kusahausahau, yalitokana na mvuke wa zebaki katika maabara yao. Naye akainyoshea kidole amalgamu ya meno pia. Ili kuthibitisha maneno yake alibuni namna za kupima zebaki kidogo sana.

Lakini aliyeweka msingi wa njia zote mbili zinazotuhusu ni George de Hevesy, aliyezaliwa Budapest. Mwaka 1923 alitia risasi yenye mionzi katika maji ya mimea ya jamii ya maharage, kisha akapima mionzi hiyo katika mizizi, shina na majani. Hivyo alijua risasi imefika wapi na kwa kiasi gani, kwa sababu aliitambua kwa alama aliyoitia yeye mwenyewe. Kazi ya namna hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Mwaka 1936, pamoja na Hilde Levi, alionyesha njia ya pili: kuchukua kitu kisicho na alama yoyote, kukipiga kwa nyutroni ili elementi zilizomo zianze kutoa mionzi, na kuzitambua kila moja kwa mionzi yake. Baadaye, mwaka 1955, Alan Walsh wa Australia alieleza njia ya kupima elementi kwa mwanga unaomezwa na atomu zake, na njia hiyo ikarahisisha upimaji katika maabara nyingi.

Tofauti ya njia hizi mbili za de Hevesy ni ya maana sana kwetu. Katika ile ya kwanza, mchunguzi hutia alama kabla ya safari kuanza, kisha hufuata. Aweza kusema kwa hakika kitu kimetoka wapi. Katika ile ya pili, mchunguzi hukuta kitu mwisho wa safari. Aweza kusema ni kiasi gani, lakini si lazima ajue kilitoka wapi, maana zebaki ya samaki na zebaki ya jino, zikipimwa kwa jumla, ni zebaki tu. Ndiyo sababu huangalia pia tishu inayopimwa. Mkojo hueleza zaidi habari za mvuke na chumvi. Nywele na damu hueleza zaidi habari za samaki. Mvuvi wa pwani aweza kuwa na zebaki nyingi katika nywele zake, na asiwe na jino hata moja lililozibwa.

IV. Kondoo wa Calgary na maiti wa Sweden

Mifano miwili itaonyesha jinsi njia hizi zinavyotumika. Mwaka 1989 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walitangaza kwamba wamemziba kondoo meno 12 kwa amalgamu ambayo zebaki yake ilitiwa isotopu yenye mionzi, ambayo nusu ya mionzi yake hupotea kila siku 47 hivi. Baada ya siku 29 walimpiga picha mwili mzima, wakapima tishu moja moja. Zebaki yenye alama ilionekana katika taya, katika matumbo, katika ini na, kwa wingi zaidi, katika figo. Kwa kuwa kondoo hakuwa na zebaki nyingine yoyote yenye alama hiyo, hapakuwa na shaka juu ya asili yake: ilitoka katika meno. Wapinzani walisema kwamba kondoo hucheua na kutafuna kwa saa nyingi za siku, kwa hiyo si mfano mwema wa mwanadamu. Wachunguzi wakarudia jaribio kwa nyani, na picha ikafanana.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1987, Magnus Nylander na wenzake wa Sweden walitangaza matokeo ya kupima ubongo na figo za maiti kwa njia ya nyutroni. Katika watu 34, kadiri nyuso za meno zenye amalgamu zilivyokuwa nyingi, ndivyo zebaki katika sehemu ya nyuma ya ubongo ilivyozidi. Katika figo, wenye amalgamu walikuwa na zebaki nyingi kuliko wasiokuwa nayo. Hapa hapakuwa na alama. Palikuwa na uwiano wa hesabu tu. Walakini uchunguzi wa Calgary na ule wa Sweden, kila mmoja kwa njia yake, ulikubaliana katika neno moja: zebaki ya jino hutoka katika jino, nayo huenda kukaa katika tishu.

V. Kuwapo si kudhuru

Je, ikiisha kufika, yadhuru? Swali hili ni lingine kabisa, wala haliwezi kujibiwa kwa kupima tishu. Lahitaji kuwalinganisha watu. Mwaka 2006 majaribio mawili makubwa yalichapishwa katika jarida moja la madaktari wa Marekani. Katika la kwanza, watoto 534 wa New England walizibwa meno, wengine kwa amalgamu na wengine kwa vitu visivyo na zebaki, kisha wakafuatwa kwa miaka mitano. Katika la pili, watoto 507 wa Lisbon, Ureno, walifuatwa kwa miaka saba. Waliowekewa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi katika mkojo: huko New England, katika mwaka wa tano, wastani ulikuwa mikrogramu 0.9 kwa kila gramu ya kreatinini, kwa mikrogramu 0.6 ya wale wengine. Lakini walipopimwa akili, kumbukumbu na kazi ya neva, haikuonekana tofauti iliyoweza kuhesabiwa kuwa madhara ya amalgamu.

Si kwamba neno limekwisha. Majaribio hayo hayakuwa ya watoto walio tumboni, wala ya watu wenye figo mbovu. Ndiyo maana mwaka 2020 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilishauri kwamba wajawazito, watoto wadogo, wagonjwa wa figo na wa neva wasiwekewe amalgamu mpya ikiwezekana. Na papo hapo ikashauri kwamba amalgamu iliyo nzima isiondolewe bila sababu ya tiba. Ushauri huu wa pili ndio unaopotea kwa urahisi katika tafsiri. Kuchimbua amalgamu ngumu kwa mashine hutoa mvuke na vumbi kwa ghafula. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba jinoni mwake mna "athari za zebaki", naye akakimbilia kuliondoa, huenda akavuta kwa siku moja kiasi ambacho angekivuta kwa muda mrefu.

Wala haifai kudhani kwamba vitu vingine havitoi chochote. Resini zinazofanana na rangi ya jino hutoa kemikali zake kidogo kidogo. Saruji ya kioo na asidi hutoa floraidi, na katika hiyo watu hutaraji faida. Saruji hiyo ina historia ya kukumbukwa katika nchi yetu: njia ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, na kulijaza papo hapo, ilianza kujaribiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaenea duniani na saruji hiyo ikawa ndiyo itumiwayo zaidi. Na juu ya floraidi yenyewe, wenyeji wa sehemu za Arusha zilizo karibu na Mlima Meru hawahitaji kufundishwa. Ikiwa kidogo katika maji, huimarisha meno. Ikipita kipimo, meno ya watoto hutoka na madoa ya hudhurungi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Elementi ni ileile. Kinachogeuka ni kiasi.

VI. Maneno

Turudi sasa katika lugha. Katika Kiarabu, *athar* ni alama iliyobaki baada ya kitu kupita, kama unyayo mchangani, na pia ni matokeo ya kitu juu ya kingine. Kiswahili kimelipokea neno pamoja na kitenzi chake *-athiri*, lakini matumizi yameelekea upande wa pili, na aghalabu upande wa ubaya. Tukisema "mtoto ameathirika", hakuna anayefikiri juu ya unyayo. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "athari za zebaki katika figo", akikusudia kwamba zebaki ilikutwa humo kwa kiasi kidogo, amesema pasipo kujua kwamba figo zimedhurika.

Baadhi hukimbilia neno *dalili*. Hilo nalo halifai, maana katika hospitali dalili ni ishara ya ugonjwa. "Dalili za zebaki" ni kuumwa kichwa na kutetemeka mikono, si zebaki yenyewe.

Twapendekeza kwamba elementi ipatikanayo kwa kiasi kidogo mno iitwe *elementi haba*. Neno *haba* halina sifa ya uzuri wala ya ubaya. Hutaja kiasi, basi. Tena kila Mswahili alijua katika methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo humfanya msikilizaji aulize swali lifaalo: je, kibaba hiki hujaa, au huvuja? Risasi hujaza: hukaa katika mifupa kwa miaka mingi. Zebaki iliyovutwa kwa mvuke huvuja: chanzo kikiondoka, kiasi cha nusu yake hutoka mwilini kwa muda wa miezi miwili hivi, ingawa ile iliyo katika ubongo hukawia. Jino lililozibwa ni chanzo kisichoondoka, kwa hiyo kiasi husimama mahali ambapo kinachoingia na kinachotoka hulingana.

Kitu kilichotiwa isotopu ili kifuatwe na kiitwe *chenye alama*: zebaki yenye alama, risasi yenye alama. Kitendo chenyewe ni *kutia alama*, na kazi inayofuata ni *kufuatia*. Maneno haya yote tunayo, wala hayahitaji kuundwa.

Neno *athari* na liachiwe kazi ambayo watu wamekwisha kulipa, yaani matokeo. Na mwandishi asilitumie mpaka matokeo hayo yameonekana. Mwisho, neno *zebaki* lisiende peke yake: liandikwe *mvuke wa zebaki*, *chumvi za zebaki* au *methilizebaki*, kwa kadiri ya jambo linalosemwa.

Kwa maneno haya, habari yote ya utafiti tuliyoieleza yaweza kuandikwa kwa sentensi nne ambazo muuguzi aweza kumsomea mgonjwa: *Jino lililozibwa kwa amalgamu hutoa mvuke wa zebaki ulio haba. Zebaki yenye alama imeonyesha kwamba mvuke huo hufika katika figo na tishu nyingine. Katika watoto waliofuatwa kwa miaka mitano mpaka saba haikuonekana athari. Kwa mjamzito, mtoto mdogo na mwenye ugonjwa wa figo ni afadhali kutumia kitu kingine, lakini amalgamu iliyo nzima isichimbuliwe bila sababu.* Atakayejaribu kuandika sentensi hizo kwa neno *athari* pekee ataona kwamba haziwezekani.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa yale yanayotumika katika vyumba vya madaktari wa meno vya bara na visiwani, wanaombwa wayalete ili yalinganishwe.